Parachichi kutoka shamba hadi soko: ofisi ipi uende, lini, na uwe na nini mkononi

Mwaka wa nne baada ya kupanda, maparachichi yangu ya kwanza yalining'inia na mimi nikawa nayakagua moja moja. Ngozi laini, shingo ndefu. Nikachuma matano, nikayafukia kwenye pumba. Siku ya nane yakalainika, lakini yakabaki kijani vilevile. Hass, aina ya parachichi niliyodhani nimeinunua, ikiiva hugeuka zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, na ngozi yake ina vipele unavyovisikia kwa kidole hata gizani. Nilikuwa na ekari moja, miti 82, na hapakuwa na Hass hata mmoja. Miche niliinunua kwenye pikapu lililosimama kando ya barabara ya Tukuyu, bila lebo na bila risiti.

Nchi yetu ina taasisi ambayo kazi yake ni kukagua vitalu vya miche. Ina nyingine ya utafiti na udongo, nyingine ya viuatilifu, nyingine ya mizani, nyingine ya ushirika, na zote zinafikika kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi sikujua nigonge mlango upi, wala lini. Miaka minne ilikwenda hivyo.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata shamba lenyewe, tangu kabla ya kuchimba shimo hadi siku ya malipo. Na kila ninapotaja ofisi nitataja pia kitu cha kwenda nacho, kwa sababu hilo ndilo nililojifunza kwa gharama kubwa: ukiingia ofisini na maneno matupu, unaambiwa urudi kesho, ukiingia na sampuli, jani, lebo, daftari au muhtasari wa kikao, mtumishi anapata pa kuanzia na wewe unaondoka na jibu.

Nazungumzia parachichi kwa sababu ndilo linalopandwa kwa kasi kuanzia Rungwe, Busokelo na Mbozi hadi Njombe, Wanging'ombe, Mufindi na Kilolo. Mwenye matofaa kule Makete atakuta njia za ofisi ni zilezile, ila vipimo vya shamba ndivyo vitakavyobadilika.

Hatua ya 1: Bwana shamba wako

Anza na afisa ugani wa kata au kijiji, huyu tunayemwita bwana shamba au bibi shamba. Ushauri wake ni bure. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini na vifaa vya kupima afya ya udongo kwa halmashauri, kwa hiyo lile jibu la zamani la "sina usafiri" limepungua nguvu. Usipomkuta ofisi ya kata, uliza kwa mtendaji wa kijiji siku zake za kupita, kisha uombe siku yako iandikwe.

Wengi tunamwita mti ukishaanza kunyauka. Mwite ukiwa bado na pori au shamba la mahindi, akusaidie kuamua kama pale panafaa parachichi au hapafai. Na akija, mwonyeshe. Siku ya kwanza nilipompelekea bibi shamba wetu malalamiko, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Miti yangu inaumwa, majani yanakuwa ya njano."

"Majani ya juu au ya chini?"

"Mengi tu."

"Baba, nenda ukaniletee matawi mawili, la chini na la kwenye ncha. Njano ikianza kwa majani ya zamani ni habari moja, ikianza kwa machanga ni habari nyingine."

Na ni kweli. Mti ukikosa naitrojeni huyanyang'anya majani ya zamani ili yale mapya yaishi, kwa hiyo njano huanzia chini. Ukikosa chuma au zinki, majani machanga ndiyo yanayopauka kwanza, mishipa ikibaki kijani. Mboji inayotibu la kwanza inaweza isitibu la pili. Tangu siku hiyo siendi kwake mikono mitupu. Kama shamba liko mbali, piga picha tatu kwa simu: mti mzima, tawi, na jani moja kwa karibu upande wa juu na wa chini.

Jambo la pili la kumaliza hapohapo kijijini ni usajili kwenye daftari la wakulima. Unakwenda na kitambulisho, namba ya simu na ukubwa wa shamba. Usajili huo ndio unaokupa namba ya kununulia mbolea ya ruzuku, mpango ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Agosti 8, 2022 hapa Mbeya, siku ya Nane Nane. Hakikisha ekari zako zimeandikwa sawasawa, kwa sababu mbolea unayoruhusiwa inafuata ekari hizo. Na ukihama shamba au ukiongeza, rudi ukarekebishe taarifa kabla ya msimu, usisubiri foleni ya dukani.

Wizara ya Kilimo ina pia huduma ya M-Kilimo kwa simu: piga *152*00# kisha ufuate menyu ya kilimo. Inafaa kwa swali fupi. Kwa ugonjwa wa mti, hakuna kinachoshinda jicho la mtu aliyesimama chini ya mti huo.

Hatua ya 2: Udongo, na hasa maji yanayosimama

Hapa ndipo ningependa utulie kuliko mahali pengine pote, kwa sababu kosa la miche unaweza kulirekebisha kwa kubebesha upya, yaani kuunganisha kitawi cha aina unayoitaka juu ya shina lilelile, lakini mti uliopandwa penye maji yaliyotuama hauna dawa ya kudumu. Mizizi ya parachichi ni mifupi na haina vinyweleo vingi. Sehemu kubwa inayolisha mti iko juu juu ardhini. Maji yakituama siku mbili tatu, mizizi inakosa hewa, kisha kimelea cha Phytophthora kinaingia na kuiozesha. Mti unakauka kuanzia kileleni kushuka chini, majani yanakuwa madogo na yamepauka, na mwenye shamba anadhani ni njaa ya mbolea. Anaongeza mbolea. Mti unakufa haraka zaidi.

Jaribio lake halihitaji ofisi. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini, mwagia maji hadi lijae, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena. Kesho yake saa kama zile rudi utazame. Kama bado kuna maji, usipande hapo. Sogea juu kwenye mteremko, au kama huna pengine, zungumza na bwana shamba kuhusu kupanda juu ya matuta mapana. Fanya jaribio hili kwenye sehemu zote zinazotofautiana, kwa sababu kwetu Rungwe shamba moja linaweza kuwa na udongo wa kichanga wa volkano juu na mfinyanzi mweusi chini, hatua arobaini tu kati yao.

Kisha udongo wenyewe. Kituo cha Uyole cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Uyole, kipo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, upande wa mashariki wa jiji la Mbeya. Kupima kuna gharama yake. Uliza kabla ya kubeba mfuko. Lakini maabara hupima kile ulicholeta, na watu wengi huleta udongo usiowakilisha shamba. Chukua hivi.

Vua nguo za kazi zenye mbolea mifukoni, osha jembe, tafuta ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopata kutu ikae nyumbani, itaingiza chuma kwenye majibu. Tembea shambani kwa mtindo wa herufi Z na uchague sehemu 10 hadi 15. Ruka palipochomwa takataka, palipokuwa zizi, kichuguu, na kando ya njia. Kwenye kila sehemu ondoa majani ya juu, chimba kishimo cha wima, halafu kwa jembe kata kipande chembamba cha ukuta wake kutoka juu hadi sentimita 30. Kitupe ndooni. Ukimaliza zote, vunja mabonge, changanya kwa mkono hadi rangi iwe moja, toa nusu kilo, anika kivulini. Kwa miti ya matunda chukua na ndoo ya pili, ya udongo wa sentimita 30 hadi 60, usizichanganye. Kwenye kila mfuko andika kwa kalamu isiyofutika: jina, kijiji, kina, tarehe, na kilichopandwa msimu uliopita.

Ukiyapata majibu, tazama kwanza pH, kipimo cha asidi ya udongo. Parachichi hupenda kati ya 5 na 7. Sehemu nyingi za nyanda zetu zenye mvua nyingi zina udongo wenye asidi, na ikishuka sana utaambiwa uweke chokaa ya kilimo. Chokaa inachukua miezi kufanya kazi, ndiyo maana hatua hii iko hapa mwanzoni na si wiki ya kupanda. Usikubali kuondoka na karatasi ya namba tupu. Mwombe mtaalamu akuandikie pembeni: kilo ngapi kwa ekari au kwa shimo, na lini.

Kama utamwagilia kwa kuchepusha mto au kuchimba kisima kikubwa, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde. Rungwe na Busokelo wako Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi yake ipo Tukuyu. Mto unaoelekea Rukwa unashughulikiwa na ofisi ya Mbeya. Iringa na sehemu kubwa ya Njombe ni Bonde la Rufiji, makao Iringa mjini. Na kumbuka mita 60 kutoka kingo za mto ni eneo la hifadhi kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya 2004. Nimewaona watu waking'olewa miti ya miaka mitatu kwa sababu ya mita hizo, na inaumiza kutazama.

Hatua ya 3: Miche

TOSCI, yaani Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, ndiyo inayokagua na kusajili wazalishaji wa mbegu na miche. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, uliza ofisi ya kilimo ya halmashauri orodha ya vitalu vilivyosajiliwa, kisha nenda kitaluni mwenyewe. Muuzaji wa kweli hukuonyesha cheti cha usajili bila kukunja uso, hukuonyesha pia mti alikokata vitawi vya kubebeshea, na hukupa risiti iliyoandikwa aina ya mche. Asiyekuwa na mti mama wa kukuonyesha, mshukuru uondoke.

Ukiwa kitaluni inama. Shika mche mmoja, utazame pale ulipobebeshwa. Panatakiwa pawe na kovu lililofunga pande zote, shina la chini na la juu yakikaribiana unene, bila ufa wala uteute mweusi. Bonyeza kidogo kwa dole gumba. Pakicheza, weka chini. Geuza mfuko: mzizi mkuu uliopenya chini na kujizungusha kama mkia wa panya ni mche uliokaa mno. Udongo wenye harufu ya kuoza ni ugonjwa unaoupeleka shambani kwa mikono yako. Mche usiobebeshwa, uliotokana na kokwa, utakaa miaka mingi bila tunda na tunda lake huwezi kulitabiri, hata kama kokwa lilitoka kwenye Hass bora kuliko zote duniani.

Nunua na Fuerte chache, aina nyingine ya parachichi. Maua ya parachichi hufunguka mara mbili, mara moja yakiwa jike na mara nyingine yakiwa dume, na Hass hufunguka kwa zamu iliyo kinyume na ya Fuerte. Mti mmoja wa Fuerte kwa kila Hass tisa hivi unatosha. Mizinga miwili mitatu ya nyuki pembezoni itakulipa mara mbili.

Miti yangu 82 sikuing'oa yote. Bibi shamba alinikutanisha na fundi wa kubebesha, tukakata mashina kwa awamu, nusu ya miti mwaka ule na nusu mwaka uliofuata, tukabebesha vitawi vya Hass kutoka kitalu kilichosajiliwa. Iliniokoa, ila muda haukurudi.

Hatua ya 4: Kupanda

Hili utaelekezwa vizuri shambani, nitasema machache. Nafasi ya mita 7 kwa 7 inakupa miti 82 kwa ekari. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando na kuchanganywa na samadi iliyoiva kabisa, si ile inayotoa joto. Shimo lijazwe mapema, lishuke lenyewe, kisha mche upandwe mvua zikishashika vizuri, kovu la kubebesha likiwa juu ya ardhi, na udongo uinuke kidogo kuzunguka shina ili maji yasisimame. Matandazo ndiyo, lakini yasiguse shina.

Wenye mashamba ya Makete, Mufindi juu na baadhi ya mabonde ya Njombe, jihadharini na sakitu ya Juni na Julai. Baridi huteremka na kukaa bondeni usiku. Mche mchanga ufunikwe kwa nyasi juu ya vijiti miaka miwili ya kwanza.

Katikati ya mistari panda maharage. Najua sisi watu wa nyanda za juu tunapenda viazi mviringo, vinauzwa haraka. Lakini viazi, nyanya na bilinganya hubeba mnyauko wa Verticillium, ambao unakaa ardhini na kuushambulia mparachichi pia. Mweleze bwana shamba ulichopanda miaka mitatu iliyopita kabla hujachagua kipande.

Hatua ya 5: Dawa na daftari

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Inasajili viuatilifu, na ndiyo inayotoa cheti cha afya ya mimea ambacho mzigo wa kwenda nje hauondoki bila hicho. Mkulima mdogo huona hilo ni la wasafirishaji. Si hivyo. Mnunuzi wa nje akipima tunda na kukuta mabaki ya dawa isiyoruhusiwa, mzigo wote unarudishwa au kuteketezwa, na mwaka unaofuata yule msafirishaji anaruka kijiji kizima.

Kwa hiyo dukani soma lebo: namba ya usajili, zao na mdudu aliyeandikwa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Lebo iliyobanduliwa, au dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, iache. Ukiona tunda lina tundu na funza ndani, usikimbilie duka. Litie kwenye mfuko wa plastiki, lifunge, lipeleke kwa bwana shamba likiwa hivyo hivyo ili funza atambuliwe. Wadudu wengine wako kwenye orodha ya karantini ya nchi tunazouzia na TPHPA inataka kujua walipo.

Daftari langu ni la kurasa 96, lile la shule. Nimechora safu sita: tarehe, kazi iliyofanyika, jina la dawa au mbolea, kipimo, aliyefanya, na siku ya kuruhusiwa kuvuna. Mstari mmoja kwa kila kazi. Mwanzoni niliona ni mzigo. Siku mkaguzi wa kampuni alipokuja kijijini, alikaa chini ya mti akasoma kurasa nne, akauliza maswali mawili, akaandika jina langu. Jirani yangu mwenye miti mizuri kuliko yangu hakuwa na daftari. Aliambiwa asubiri msimu mwingine.

China ilifungua soko lake kwa parachichi letu kwa itifaki iliyosainiwa Novemba 2022 Rais Samia alipozuru Beijing. Masharti ya soko kama hilo yanataka shamba na kiwanda cha kufungashia visajiliwe na kufuatiliwa. Bila kumbukumbu, shamba halisajiliki.

Hatua ya 6: Kikundi, ushirika na fedha

Ekari moja haijazi gari la ubaridi. Ndiyo sababu ya kuungana, na ni sababu tosha. Nenda kwa afisa ushirika wa halmashauri mkiwa na muhtasari wa kikao cha kwanza, orodha ya majina yenye sahihi, na idadi ya miti ya kila mmoja kwa umri wake. Orodha hiyo ya miti ndiyo inayomsaidia kuona kama mna zao la kutosha kuendesha chama cha ushirika wa mazao, AMCOS, au mbaki kikundi kwanza. Vyama vinasajiliwa na kusimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya sheria ya 2013, na hesabu zake zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Mwanachama ana haki ya kusomewa ripoti ya ukaguzi kwenye mkutano mkuu. Iombeni kila mwaka, kwa heshima na kwa sauti.

Kuhusu mikopo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo mlango wake. Ushauri wangu, na najua wapo watakaobisha: msiuchukue kupanda miti. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu, marejesho hayasubiri hivyo. Uchukueni kwa kazi inayozunguka haraka ndani ya mnyororo huohuo: kitalu kilichosajiliwa, kikosi cha vijana wa kuvuna na kupogoa chenye mikasi na kreti, au mizinga. Fedha ya muda mrefu ya mashamba iulizwe Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ambayo pia hudhamini mikopo ya wakulima kwenye benki nyingine, na huko hati miliki ya kimila ya shamba inaweza kuwa kitu chako cha mkononi.

Hatua ya 7: Limekomaa?

Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, linaiva likishachumwa, na kwa macho huwezi kuwa na hakika. Madalali wanalijua hilo, hufika mapema kabla ya makampuni na kununua mti mzima kwa macho. Tunda changa halilainiki, linasinyaa kama raba, na aliyelinunua mbali halirudii tunda la Tanzania.

Kipimo kinachotumika ni kiasi cha nyama kavu, wenyewe wanakiita drai mata. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass ni asilimia 21, na wanunuzi wengi hutaka zaidi ya hapo. Tuliwahi kukifanya mbele ya kikundi chetu. Tulichuma matunda kumi kutoka miti tofauti, ya upande wa jua na wa kivuli. Tukayakata, tukatoa ngozi na kokwa, tukaikwangua nyama kwa kikwaruzo cha karoti, tukapima gramu 100 kwenye mizani ndogo ya jikoni. Sahani ikaingia kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, ikatolewa, ikapimwa, ikarudishwa, tena na tena. Mizani ikasoma 41, kisha 29, kisha 24, kisha 24 tena. Ilipogoma kushuka, akina mama walipiga vigelegele. Gramu 24 kati ya 100 ni asilimia 24. Tuliandika tarehe, tukasaini, na karatasi ile tuliiweka mezani siku ya kujadili bei. Ombeni halmashauri au TARI wawafanyie mara ya kwanza, muone mkono unavyokwenda.

Kuvuna: asubuhi umande ukishakauka, kwa mkasi, kikonyo kifupi kibaki kwenye tunda. Kulivuta kwa mkono kunafungua tundu la kuozea. Lisidondoke, lisikae juani, lisijazwe kwenye viroba. Kreti, kivuli, na kiwandani siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Bei, mizani na karatasi

Kataeni kuuza kwa ndoo, tenga au lumbesa. Uzeni kwa kilo, kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Kama mizani inatiliwa shaka, ofisi ya Wakala ipo mkoani na kazi yake ni hiyo. Njia rahisi ya kuijaribu papo hapo: njooni na kitu ambacho uzito wake mnaujua, mfuko wa sukari wa kilo 5 haujafunguliwa, uwekwe juu ya mizani kabla ya kreti ya kwanza.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, na usomwe kwa sauti kikaoni. Tafuteni ndani yake mambo haya: bei ya kila daraja, nani anapanga madaraja na mkulima akiwepo au asipokuwepo, siku ngapi hadi malipo, nani anavuna na nani anasafirisha, na matunda yaliyokataliwa yanakwenda wapi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Tunda lililokataliwa kwa ukubwa au kwa mkwaruzo bado lina mafuta, na viwanda vya kukamua vinalinunua. Likibaki kiwandani bila maelezo, limeuzwa bila wewe. Mjue pia lugha yao ya ukubwa: saizi 18 maana yake matunda 18 yanajaza katoni ya kilo 4, kwa hiyo namba ikipanda tunda linapungua. Afisa sheria wa halmashauri anaweza kuwapitia mkataba kabla ya sahihi. Mpelekeeni nakala wiki moja kabla, isiwe asubuhi ya gari kufika.

Ushuru wa mazao wa halmashauri hulipwa na mnunuzi, na hauzidi asilimia 3. Ukikatwa kwenye fedha yako kwa jina hilo, omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo, kisha uipeleke ofisi ya mapato ya halmashauri ikueleze.

Kwa kutafuta wanunuzi wengi mahali pamoja, msiache Nane Nane ya viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, Agosti 1 hadi 8. TARI, TOSCI, TPHPA, TADB, ushirika na makampuni huwa ndani ya uzio mmoja. Sisi huenda watu wawili wa kikundi, tarehe 3 au 4 kabla ya msongamano wa kilele, tukiwa na daftari, orodha ya miti, karatasi ya drai mata na matunda sita kwenye kikapu. Banda lolote tunalosimama tunaomba jina na namba ya ofisi, tunaandika tulichoahidiwa na tarehe, na wiki inayofuata tunapiga simu.

Fedha ikiingia, linganisha kilo za risiti na kilo ulizoandika shambani, daraja kwa daraja, siku hiyohiyo. Tofauti ikionekana, mwenye kumbukumbu za mizani ya shambani husikilizwa. Kisha mwite bwana shamba aje na msumeno wa kupogolea, miti ikiwa imepumzika na kabla chipukizi jipya halijatoka.